Aliyesimama Mbele ya Kivuva

Kivuva Mulinge aliingia kwenye karate kwa sababu ya maumivu ya kiuno. Mwaka 1991 alikuwa kijana wa miaka ishirini, mpakiaji wa mchanga kwenye malori ya Kitengela, na jioni alirudi kwa mama yake akiwa ameinama kama mtu aliyeangusha sindano na bado anaitafuta. Siku moja lori lao lilipeleka mchanga Kajiado, na karani mmoja wa ofisi ya mifugo aitwaye Masila akamwona akijishika mgongo kando ya barabara.

"Hiyo kiuno utaimaliza kabla uoe," Masila alimwambia. "Kuja Jumamosi kwa ukumbi wa kanisa. Tunanyoosha mwili, tunapiga karate kidogo."

Kivuva alikwenda Jumamosi hiyo kwa ajili ya kiuno tu. Kiuno kilipona baada ya miezi michache, lakini yeye hakuacha kwenda.

Masila alikuwa na mkanda mweusi alioupata zamani akiwa Nairobi, na wanafunzi wake walimwita Sensei, yaani mwalimu. Walifanya mazoezi miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji, viti vya kanisa vikiwa vimesukumwa ukutani, na mtu akianguka aliamka na vumbi jeupe magotini. Hapo ndipo Kivuva alipokutana na Muturi Wainaina. Muturi alizaliwa Entarara, kule karibu na Loitokitok, ambako wazazi wake walilima vitunguu na mahindi. Alikuwa amekuja Kitengela kujifunza kuchomelea vyuma. Kwa kuwa wote wawili walikaa Kitengela walizoea kwenda Kajiado pamoja, na kwa kuwa walilingana kimo na uzito, Sensei aliwapanga kupigana wao kwa wao.

Mtu anayejua karate angemtazama Muturi kwanza. Miondoko yake ilikuwa safi, kila mkono unaanzia mahali pake na kuishia mahali pake, na hata wazee wa kanisa waliopita kuchukua funguo walisimama mlangoni kumwangalia. Kivuva alikuwa mzito wa kujifunza. Lakini alikuwa na kitu ambacho Sensei alikiri kwamba hajui kukifundisha: akiona nafasi, ngumi yake ilikuwa imeshafika kabla yeye mwenyewe hajaamua.

Mwaka 1994 kulikuwa na mashindano ya taifa, na kila wilaya ilipeleka mtu mmoja kwa kila uzito. Sensei aliwashindanisha vijana wake, akafikiri kwa wiki nzima, kisha akamchagua Kivuva. Alimwambia Muturi mbele ya wenzake bila kuzunguka. Muturi aliinamisha kichwa kwa heshima, akafungua mkanda wake, akaukunja polepole.

Nje ya ukumbi Kivuva alimfuata.

"Usinipe pole," Muturi alisema. "Sensei ako sawa. Mimi watu watapenda kuniangalia, halafu nitashindwa. Wewe utashinda."

"Na sasa utafanya nini?"

"Si niko na mageti ya kutengeneza. Na wewe unahitaji mtu wa kusimama mbele yako." Alicheka. "Hao wengine wote wanakuogopa."

Hivyo ndivyo mambo yalivyopangwa kati yao, kwa maneno machache nje ya ukumbi wa kanisa, na hayakubadilika tena kwa karibu miaka kumi. Kivuva alipigana na watu wa mbali, mmoja mmoja, mara chache kwa mwaka. Muturi alipigana na Kivuva, wiki baada ya wiki.

Kivuva akawa bingwa wa taifa mwaka uliofuata, na miaka miwili baadaye akashinda mashindano ya Afrika Mashariki yaliyofanyika Kampala. Aliporudi Kitengela, wenye bucha walimkatia nyama bila kupima, na wazee wa Kimaasai waliokuja sokoni walimshika mkono na kuuachia taratibu, kana kwamba wanarudisha kitu cha watu. Muturi alikuwepo kila safari. Alibeba mkoba, alimfunga bandeji mikononi, alijua ni lini Kivuva anataka kuambiwa neno na ni lini anataka kuachwa.

Mji nao ulikuwa unakua. Viwanda vya nguo vilifunguliwa upande wa Athi River, Wamaasai wakauza vipande vya ardhi, nyumba zikaota kwenye uwanda, na kila nyumba ilitaka geti na madirisha. Muturi alifungua banda lake mwenyewe kando ya barabara ya Namanga. Alimwoa Wacuka, fundi cherehani kutoka Ngong, wakazaa mabinti wawili, wa kwanza wakamwita Joyce. Kivuva aliacha kupakia mchanga, akapata kazi ya ulinzi, akamwoa Evalyne, mwalimu wa chekechea. Familia hizo mbili zilikula Krismasi pamoja, mwaka huu kwa huyu, mwaka ujao kwa yule.

Mwaka 1999 alikuja Kitengela mtu mmoja kutoka Nairobi aitwaye Peterson. Alikuwa mwandalizi wa mapambano ya kickboxing, mchezo ambao wakati huo ndio kwanza ulianza kuvuta watu: ulingo wenye kamba, glavu, mateke na ngumi pamoja, na bango lenye picha yako mjini. Peterson alimwambia Kivuva kwamba karate ilikuwa imempa vikombe vya kupanga kwenye kabati, na kwamba yeye angempa jina.

Sensei Masila hakupenda. "Mimi nilikufundisha ngumi inayosimama kwa ngozi," alisema. "Hawa wanataka ile inapita."

Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti. Katika karate yao ngumi ya kichwani ilirushwa kwa nguvu zote na kusimamishwa pale pale ilipogusa, na aliyeshindwa kuisimamisha aliadhibiwa. Kwenye kickboxing hakuna aliyeisimamisha. Kivuva alilazimika kujifunza upya, na Muturi akajifunza pamoja naye, kwa sababu mtu hawezi kujifunza kupiga bila mtu wa kupigwa.

Walifanya mazoezi nyuma ya banda la Muturi jioni, kazi ikiisha, kwenye kipande cha zulia kuukuu walichotandika juu ya ardhi. Kila mmoja alikuwa na glavu zake. Kofia ya kukinga kichwa, ile ya ngozi yenye sponji ndani, ilikuwa moja. Peterson ndiye aliyeileta, na alisema wazi ni ya nani.

"Bingwa asipasuke. Akipasuka hapa kwa jicho, pambano limekufa."

Kwa hiyo Kivuva aliivaa. Siku za mwanzo aliwahi kuivua na kumnyooshea mwenzake.

"Leo vaa wewe."

"Mimi sina pambano," Muturi alimjibu. "Nikipasuka Wacuka atanishona. Si ni fundi?"

Walicheka wote wawili, wakaendelea, na jambo hilo halikuzungumzwa tena. Ikawa ni desturi. Kabla ya pambano kubwa kulikuwa na majuma ambayo Kivuva alirudia pigo moja tu, ngumi ya kulia ya kuzunguka inayotua juu ya sikio, na Muturi alisimama, akapokea, akasema, "Tena." Akiumwa kichwa alifunga kitambaa kwenye paji la uso, akarudi kazini asubuhi. Alisema ni mwanga wa kuchomelea. Mafundi wote walilalamika juu ya mwanga wa kuchomelea, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Mwaka 2001 Kivuva alitwaa mkanda wa taifa wa kickboxing Nairobi, kwa ngumi hiyo hiyo ya juu ya sikio. Mpinzani alianguka, akahesabiwa, hakuamka kwa wakati. Gazeti moja lilichapa picha ya Kivuva akiwa amenyanyuliwa mkono. Upande wa kushoto wa picha kulionekana bega la mtu na taulo. Wacuka alilibandika gazeti hilo ukutani kwake, na wageni wakija aliwaonyesha lile bega.

Dalili ya kwanza ilikuwa geti. Mwaka 2003 Muturi alipewa kazi ya geti la shule ya kibinafsi, akapima kwa tepu, akalitengeneza, na lilipopelekwa likawa fupi. Alilirudisha, akapima tena, akalikata, likawa fupi zaidi. Mwenye shule alimtazama kwa mashaka, na habari ikaenea Kitengela kwamba Muturi siku hizi anakunywa. Muturi hakuwa anakunywa. Hakuwahi.

Kisha ikawa hasira. Mtu yule aliyeukunja mkanda wake polepole alitupa chupa ya chai ukutani kwa sababu kifuniko kilikataa kufunguka. Joyce akaogopa kukaa naye peke yake. Muturi aliuliza swali, akajibiwa, akauliza tena. Mkono wa kushoto ulianza kutetemeka, na aliuficha mfukoni. Watu wa kanisa walikuja kumwombea. Shemeji mmoja akasema kuna mtu amemfanyia kitu kwa sababu ya biashara.

Kivuva aliyaona yote hayo na kuyapa majina mengine. Alisema ni uchovu. Alipunguza mazoezi, kisha pambano lilipokaribia akayarudisha. Hata siku ambayo Muturi alichelewa kuinua mkono na ngumi ikaingia yote, Kivuva alimshika tu mabega, akamuuliza kama yuko sawa. Muturi akasema, "Tena."

Wacuka ndiye aliyesema twende hospitali. Kajiado waliandikiwa kwenda Nairobi, na Kivuva akaomba ruhusa kazini awasindikize. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyezungumza na Muturi mwenyewe wala si na waliomleta. Alimwambia atembee kwenye mstari wa sakafu. Alimwonyesha kalamu, saa, kikombe, na Muturi akavitaja. Akamwonyesha picha ya nyundo. Muturi aliitazama kwa muda mrefu. Mkono wake wa kulia ulijikunja wenyewe kama umeshika mpini, ukapiga mara mbili hewani, lakini jina halikuja.

Daktari aliweka picha chini, akamgeukia Kivuva. "Huyu mzee alikuwa bondia?"

"Hapana," Kivuva alisema. "Bingwa ni mimi."

"Na yeye alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa ananisaidia kwa mazoezi."

"Kukusaidia vipi?"

Kivuva alieleza. Alianza vizuri, kama mtu anayeeleza kazi, halafu sauti yake ikapungua kila jibu lilipoitisha swali lingine. Kwa muda gani. Kichwani pia. Bila kinga. Daktari hakumlaumu. Alisema tu kwamba ubongo ukitikiswa mara nyingi, hata kwa mapigo ambayo hayamwangushi mtu, huharibika kidogo kidogo, na ubaya wake hujionyesha baadaye, na haurudi nyuma. Aliandika dawa ya usingizi na ya hasira. Ya ule ugonjwa wenyewe hakuwa nayo.

Nje kulikuwa na benchi. Muturi alikwenda kusimama karibu na mwuza matunda, akiangalia mapapai. Wacuka alikaa na mkoba mapajani.

"Kofia ilikuwa moja," alisema.

"Ilikuwa moja."

"Na hukuwahi kumwambia, leo vaa wewe?"

"Nilimwambia. Akakataa."

"Mara ngapi?"

Kivuva alitazama chini. "Mara moja, Mama Joyce."

Wacuka alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. Hakulia. Alisema, "Mimi ndio nilikuwa namwekea barafu. Nikimwambia aache ananiambia, si ni Kivuva tu." Akainuka kwenda kumchukua mumewe.

Kivuva alikuwa na pambano la kutetea mkanda wake miezi miwili baadaye. Alimwambia Peterson analiacha. Lakini wiki moja haikupita kabla Wacuka hajafika nyumbani kwake, akakataa kuingia, akazungumza naye mlangoni, Evalyne akisikia kutoka jikoni.

"Nenda upigane," Wacuka alisema. "Anaamka asubuhi anaweka taulo kwa shingo, ananiuliza kama ni leo. Amesahau jina la nyanya yake, lakini hiyo fight hajasahau. Ukiiacha sijui nitakuwa namwambia nini."

"Mama Joyce, mimi siwezi."

"Hata mimi siwezi. Na ninafanya."

Kwa hiyo alijiandaa. Peterson alimletea kijana kutoka Nairobi, Kisilu, wa kufanya naye mazoezi. Kabla hawajaanza Kivuva alichukua ile kofia akamvisha Kisilu, akamfunga kamba kidevuni mwenyewe. Kisilu alidhani ni mzaha. Muturi alikaa juu ya tairi, taulo shingoni, akiwatazama, na Kivuva alipomaliza alimpangusa jasho kama zamani.

Pambano lilikuwa kwenye ukumbi mmoja Nairobi, Jumamosi alasiri. Mpinzani alikuwa kijana mwenye kasi lakini asiyejua kujificha. Raundi mbili za kwanza Kivuva alizichukua kwa mateke ya paja. Kwenye kona, Muturi alimpa maji, akamnong'oneza: "Leo ukimaliza huyu, Sensei lazima akupeleke Kampala." Kampala ilikuwa miaka saba nyuma. Kivuva alimeza maji, akarudi katikati.

Raundi ya tatu kijana alishusha mkono wa kushoto. Upande wa kichwa ukabaki wazi, sikio likaonekana. Mkono wa Kivuva ulikwenda kama ulivyozoea kwenda, na ukasimama kwenye ngozi. Watu walinguruma. Refa alimtazama. Kijana mwenyewe alishtuka, halafu akaelewa kwamba kuna kitu kimeharibika ndani ya bingwa, akaanza kumpiga. Raundi zote zilizobaki Kivuva alijikinga na kurusha ngumi za mbavuni tu. Majaji walimpa kijana ushindi kwa pointi nyingi.

Peterson alimwambia amezeeka. Wengine walisema ameuza pambano, na huko Kitengela alipita mbele ya bucha na watu wakanyamaza. Hakumweleza mtu yeyote. Siku hiyo ukumbini, alipokuwa anafunguliwa bandeji, Muturi aliinama usoni kwake na kumwuliza kwa upole wa kweli, "Mbona hukumaliza? Ulikuwa umempata."

"Nilichoka."

"Basi twende nyumbani," Muturi alisema, na akaelekea kwenye mlango wa stoo.

Huo ulikuwa mwisho wa Kivuva ulingoni. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Banda la kuchomelea lilikuwa limefungwa, na cherehani ya Wacuka peke yake haikutosha nyumba ile. Kivuva akaomba zamu za usiku kwenye ulinzi wake, na mchana akafungua banda. Hakuwahi kushika kijiti cha kuchomelea maishani. Mwezi wa kwanza alitoboa mabati, alijichoma mikono, akatengeneza dirisha ambalo mteja alilikataa mbele ya watu. Muturi aliletwa asubuhi na kukalishwa kivulini. Siku moja aliinuka bila kuambiwa, akasimama nyuma ya Kivuva, akamshika kiganja na kukiinamisha kidogo, hivi, akakisogeza polepole, na ule mshono wa chuma ukatoka umenyooka. Alirudi kukaa. Kwa mwaka mzima ilikuwa hivyo: jina la kitu hakuwa nalo, lakini mikono ilikijua, na Kivuva alijifunza ufundi wake kutoka kwa mikono ile kabla nayo haijasahau.

Wacuka alileta chakula cha mchana cha watu wawili. Alikiweka juu ya meza ya vyuma, akasalimia, akaondoka. Hakuwahi kumwambia Kivuva kwamba amemsamehe. Hakuwahi pia kumwambia asije.

Evalyne alimwuliza siku moja, alipomwona akila amesimama kabla ya kwenda zamu, "Utafanya hivi mpaka lini?"

"Sijui."

"Sikuulizi uache. Nauliza nijue vile tutapanga nyumba."

"Basi panga kama mtu ambaye hataacha," alisema, na Evalyne akapanga hivyo.

Mwaka 2006 Muturi alianza kupotea. Alitoka nyumbani alfajiri akatembea kuelekea uwandani, na mara moja alikutwa mbali, karibu na Isinya, viatu mkononi. Mchungaji wa ng'ombe wa Kimaasai aliyemwokota alimleta mpaka bandani.

"Sopa," mchungaji alisalimia.

"Ipa," Kivuva aliitikia kwa Kimaasai.

"Huyu alikuwa anatembea tu. Nilimwuliza anaenda wapi, akasema anaenda kwa mazoezi. Nikasema mazoezi ni kwa Kivuva, kila mtu anajua." Alimtazama Muturi, akamtazama Kivuva. "Huyu si ndiye alikuwa anabeba mkoba?"

"Ndiye."

Muturi alikuwa na vumbi usoni na midomo imekauka. Kivuva alilowesha kitambaa, akakaribia, akainua mkono wa kulia ampanguse. Muturi aliruka nyuma. Ngumi zake zilipanda zote mbili hadi masikioni, viwiko vikabana mbavu, kidevu kikaingia kifuani. Alikuwa amejikinga kama alivyofundishwa, vizuri kabisa, na nyuma ya ngumi macho yake yalikuwa ya mtu anayeogopa.

"Muturi, ni mimi."

Hakushusha mikono.

Kivuva aliweka kitambaa chini. Alirudi nyuma hatua moja, akakaa kwenye ardhi, mikono nyuma ya mgongo. Mchungaji alisimama hapo hapo, hajui aende au abaki. Ilichukua muda mrefu kabla ya zile ngumi kushuka, na ziliposhuka ni mchungaji aliyeokota kitambaa na kumpangusa Muturi uso.

Tangu siku hiyo Kivuva alimkaribia kutoka ubavuni, viganja wazi, akisema jina lake kwanza. Wakati mwingine ilisaidia. Wakati mwingine Muturi alijikinga tu, na ilibidi Wacuka aitwe.

Alifariki mwezi wa nne mwaka 2007, kwa nimonia, baada ya wiki moja ya kutokula. Walimpeleka Entarara. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ya shamba ilikuwa utelezi, na mlima unaosimama juu ya mashamba hayo ulikuwa umefunikwa na mawingu tangu juu hadi chini. Sensei Masila alikuja, mzee sasa, na mkongojo. Msimamizi wa shughuli, mjomba mmoja aitwaye Lazarus, alimtaja Kivuva kwa kipaza sauti kuwa ndiye bingwa wa Afrika Mashariki aliyekuwa rafiki wa marehemu, na watu wakapiga makofi. Kivuva aliitwa aseme neno.

Alikuwa amekuja na nia ya kusema yote. Alikuwa ameshamwambia Evalyne kwamba atamwambia mama yake Muturi, Gathoni, mbele ya watu, kile ambacho daktari alisema, kwa kuwa mama yule aliamini hadi siku hiyo kwamba mwanawe aliugua tu, kama watu wanavyougua. Lakini alipokuwa anavuka kwenda mbele, Wacuka alisimama njiani kwake.

"Najua unataka kusema nini," alisema kwa sauti ya chini. "Usiseme."

"Ana haki ya kujua."

"Ana kisukari, na amezika mtoto. Ukisema, wewe utapumua, na yeye ataanza kubeba. Beba yako."

Kivuva alichukua kipaza sauti. Alisema Muturi alikuwa fundi mzuri na baba mzuri, na kwamba katika karate hakuna mtu Kajiado nzima aliyekuwa na mkono msafi kuliko wake, muulizeni Sensei. Akakirudisha. Alichukua koleo, akafukia kaburi pamoja na vijana wa hapo, na hakumpa mtu mwingine koleo lile mpaka udongo ulipoisha.

Baadaye Gathoni alimwita akae naye jikoni, akampakulia viazi na maharagwe. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, na alimshika Kivuva kiganja akakigeuza, akazitazama alama za moto.

"Hata wewe umekuwa fundi," alisema. "Yeye alikuwa akikuja kunisalimia ananiambia, Mama, huyo Kivuva anapiga watu wa nchi zote wanaanguka, na mimi hajawahi kuniangusha. Alikuwa anafurahia sana hiyo maneno. Ni ukweli?"

Wacuka alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Kivuva hakumtazama.

"Ni ukweli, Mama," alisema. "Hakuwahi kuanguka."

Gathoni alifurahi. Alimwongezea viazi, na Kivuva alikula vyote, polepole.

Mwisho wa mwaka ule Wacuka aliwahamishia mabinti Entarara, akaanza kulima vitunguu kwenye sehemu ya shamba la mumewe. Mashine ya kuchomelea alimwachia Kivuva. Banda bado liko kando ya barabara ya Namanga, na madirisha yake hayakataliwi siku hizi. Mwaka 2009 wasimamizi wa mchezo walimwomba awe jaji kwenye mashindano yaliyofanyika Kajiado. Alikwenda, akavaa koti, akakaa mezani asubuhi nzima ya karate. Baada ya chakula ulingo wa kickboxing ulipofunguliwa, aliwaomba radhi, akasema ana kazi ya mteja, akatoka.

Huenda Entarara mara moja kwa mwaka, vitunguu vikivunwa, yeye na Evalyne. Wacuka humpa gunia na kumwonyesha mstari wa kuanzia. Hufanya kazi hadi jua lipande, wakizungumza juu ya mvua, juu ya ada ya Joyce, juu ya madalali wa soko la Loitokitok wanaokuja na mizani yao. Chai ikiletwa, Wacuka humimina ya Evalyne kwanza, kisha ya Kivuva, na humwekea sukari bila kumwuliza.